Wamemsahihisha Nasimiyu

Kitale, Jumamosi, Julai 2009

Mvua imeshinda ikinyesha na Mlima Elgon hauonekani kabisa. Nimekuja kuandikia saiba, kwenye kompyuta za kulipia. Ningeweza kungoja hadi Jumatatu, lakini nyumbani sina wa kumweleza.

Wanaonisoma hapa kwenye blogu wanajua kazi yangu. Nachora katuni za jarida moja la Nairobi. Maneno hutungwa na mtu mwingine huko ofisini, mimi nachora watu na kuyaandika maneno kwa mkono ndani ya viputo. Mhusika wangu mkubwa ni Mama Kitunguu, mkulima wa huku kwetu. Kila toleo anakuja mjini na kila toleo anapotea. Anaogopa lifti. Anamsalimia mwanasesere wa dukani. Na kila anapofungua mdomo, l inakuwa r na r inakuwa l. "Nimechoka, nataka kurara." Watu wanacheka kabla hata hajafanya lolote.

Marehemu mke wangu, Nasimiyu, alizungumza hivyo hivyo. Alizaliwa Naitiri. Mimi nililelewa hapa Kitale mjini, na walimu walinichapa hadi ulimi ukanyooka. Yeye hakuna aliyemnyoosha, na hakutaka kunyooshwa. Alikuwa akisoma katuni zangu akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. Siku moja aliniambia, "Huyu mama mnamuonea, bana. Kwani hana siku ya kuwa na akiri?"

Huu ni mwaka wa pili tangu tumzike.

Picha zake ninazo. Sauti yake sina. Hatukuwahi kuirekodi, nani angefikiria? Lakini nilianza kugundua kwamba nikiandika viputo vya Mama Kitunguu, midomo yangu inasoma kwa sauti, na chumbani panakuwa na mtu. Ni aibu kukiri kwamba mzaha wa watu wa Nairobi ndio uliokuwa ukinifariji.

Mwezi uliopita mtunzi wa maneno alikwenda likizo, nikamwomba mhariri anipe ukurasa mmoja nitunge mwenyewe. Akakubali. Nikamchora mume wa Mama Kitunguu akirudi kutoka ghala la nafaka la Moi's Bridge, mahindi yake yamekataliwa kwa sababu yana unyevu. Anaingia amenuna, hataki kusemeshwa. Mkewe anamwekea ugali na mboga, anamwambia: "Kura kwanza. Hasila haipoi, chakura ndicho kinapoa."

Hayo ni maneno ya Nasimiyu. Aliniambia siku niliyorudi kutoka Nairobi na michoro yangu yote kwapani, hakuna aliyeitaka. Nilikula.

Leo asubuhi jarida limefika. Nililifungua pale pale kwa muuza magazeti, mwavuli umebanwa shingoni.

"Kula kwanza. Hasira haipoi, chakula ndicho kinapoa."

Walikuwa wamefuta mwandiko wangu na kupiga chapa juu yake. Kila l na kila r mahali pake. Nikafungua ukurasa wa pili, ule ambao mtunzi wao aliuacha kabla ya likizo, Mama Kitunguu amepotea tena supamaketi. Huko r zake zote zipo, hata mpya wameongeza.

Yaani akiwa mjinga anaongea kama kwao. Akisema neno la maana, wanamsahihisha.

Nilimpigia mhariri. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Wafula, tulikusaidia," akasema. "Ukurasa ni mzuri sana. Tungeiacha ile lafudhi, watu wangecheka. Kwani ulitaka wacheke?"

"Hapana."

"Sasa?"

Nikamuaga. Tumewazoeza wasomaji kucheka wakiiona ile r, na mkono uliowazoeza ni huu wangu.

Mchana shemeji yangu Nekesa akapiga kutoka Bungoma. Ni dadake Nasimiyu, ana duka la vitambaa karibu na soko. Nilikuwa nimemwambia alitafute jarida.

"Shemeji, nimeriona," akasema. "Nimesoma mala mbiri."

Nilitaka kumweleza walivyoharibu. Badala yake nikamwomba anisomee, vile vile walivyochapa.

Akakohoa kidogo, kama mtu anayetaka kusoma Injili kanisani. Kisha akasoma.

"Kura kwanza. Hasila haipoi, chakura ndicho kinapoa."

Hakuwa anaigiza. Alikuwa anasoma tu, kwa mdomo aliozaliwa nao. Nilisimama barazani, matone yanagonga mabati, nikamwomba arudie. Akarudia. Hakuuliza kwa nini. Baadaye nikamsikia anapangusa pua.

"Kuja utuone," akasema. "Usikae huko peke yako."

Nilisema nitakuja. Huwa nasema hivyo.

Jumatatu nitamwambia mhariri kwamba Mama Kitunguu ataongea kwa ulimi mmoja kila ukurasa, akipotea na akishauri, akicheka na akifiwa. Wakikataa, watafute mtu mwingine wa kumchora. Nimeshaamua na sitabadilika.

Lakini wakimpata huyo mtu mwingine, chumbani kwangu ataongea nani?