Tangi Lilinishinda, Binti Yangu Akaliweza

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla Jumamosi haijafika, maana nina furaha niliyoifungia ndani na sijui niitolee wapi. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, mageti ya mtaa huu karibu yote ni kazi yangu, na binti yangu alipoanza kuchomelea ndoo na mabeseni kwa kimashine chake cha kupuliza hewa ya moto nilimcheka mbele ya vijana wa karakana yangu, nikasema hayo ni mapishi, si ufundi. Basi tangi la plastiki la zahanati likapasuka, wajawazito wakawa wanaambiwa waje na maji yao, nikaitwa mimi, nikaenda kifua mbele, nikalichoma kwa moto mkali kama geti, nikabandika kipande cha beseni, nikamwagia maji lipoe upesi kama nilivyozoea, na ufa ukakimbia hadi chini.

Muuguzi mkuu akamwita binti yangu. Binti akakwangua pale nilipounguza, akauchonga ule ufa uwe kama kimfereji, akakata ufito kutoka tangi bovu la aina ileile, maana anasema plastiki za aina mbili hazishikani, akapuliza taratibu mpaka ufito na ukuta wa tangi vikalainika pamoja, akakandamiza, hakuna moshi hata kidogo, kisha akakaa akasubiri lipoe lenyewe. "Baba, plastiki haitaki hasira," akaniambia. Tangi likajazwa hadi juu, halikudondosha hata tone! Wauguzi wakapiga vigelegele, moyo wangu ukataka kuruka, lakini mdomo huu sijui mdomo gani, ukasema, "Tusubiri tuone," nikaondoka zangu. Mama yake hanisemeshi. Jumamosi binti anahamia karakana nyingine. Nifanyeje abaki?

Fundi Cheche

Fundi Cheche, pole, na hongera, ingawa hongera yenyewe si yako. Mnasubiri muone nini tena? Maji yamo tangini, kina mama wanahudumiwa, wewe unangoja tarumbeta? Kumcheka ulimcheka hadharani, halafu sifa zake unaniletea mimi gazetini! Mimi sijaziba hata kikombe.

Kubaki au kuhama ataamua mwenyewe, kazi anaiweza na watu wanamgombania. Wewe kesho asubuhi, vijana wote wakishafika, mwite "Fundi" kwa sauti ileile uliyomchekea, useme, "Lile tangi lilinishinda, wewe umeliweza." Usiongeze "lakini". Kisha muombe akufundishe, na akikupa hicho kimashine, kishike anavyotaka yeye. Akihama hata hivyo, mbebee vyombo vyake mpaka mlangoni pa hiyo karakana nyingine na uwaambie waliopo kwamba huyo ni mwanao.

Umezaa fundi, ndugu yangu, fundi kweli kweli! Piga kelele mtaa usikie. Na machozi yakikutoka, usisingizie moshi.