Majina ya Upande wa Mzungu

Manchester, Jumapili

Mama mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta umeketi peke yako. Goti la Baba linaendeleaje? Na yule ng'ombe aliyekuwa akikataa kukamuliwa na mtu mwingine, amekubali sasa kwamba niliondoka? Mimi ni mzima. Mikono imepasuka kwa sabuni ya kuogeshea wazee, lakini ni mikono tu.

Naandika kwa sababu simu yako huwa kwa spika, na haya si ya spika.

Uliniambia mtoto wa kaka Kiprono amefikisha wiki sita bila jina. Wamama walimshika, wakaita nyanya zetu wote waliofariki mmoja mmoja, wakingoja apige chafya ijulikane ni nani amerudi, naye akawaangalia tu. Ukasema, "Chelang'at, wewe uko kwao. Tafuta wanawake wa yule mzungu." Yaani yule msimamizi wa shamba la chai aliyemzaa Babu kisha akarudi Ulaya. Sikucheka, maana wa kwanza wa Kiprono tulimzika kabla hajaitwa chochote.

Nimetafuta Jumamosi nne. Bwana Walter, mzee ninayemtunza, alikuwa tarishi na anasoma mwandiko wowote, kwa hivyo nilimsukuma na kiti chake mpaka maktaba, nikiwa na lile jina la ukoo wa mzungu lililo kwenye bahasha aliyoiacha Babu.

"Unamtafuta tajiri?" akaniuliza.

"Namtafuta nyanya wa tajiri."

"Jikaze, binti. Matajiri wa mji huu ukiwafungua wananuka."

Wakanuka kweli. Baba ya yule mzungu alikuwa mfanyabiashara wa chai, mwenye duka karibu na viwanda vya pamba. Wajakazi wa nyumba kubwa walimletea kwa mlango wa nyuma majani yaliyokwisha kuchemshwa. Aliyakausha kwenye bati la moto, akayatia rangi nyeusi, akachanganya na mapya kidogo, akawauzia watu wa viwandani. Gazeti la zamani linasema alipopelekwa kortini alijitetea kwamba hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Nikamfikiria Baba, anavyorudishiwa majani pale kituo cha kuuzia chai kwa sababu tawi moja lina jani la tatu, na wao wanataka mawili na chipukizi tu.

Tukaenda makaburini. Nilifuta jiwe kwa kitambaa, Bwana Walter akasoma.

"Mabinti watatu. Jina moja."

"Waliandika mara tatu kwa makosa?"

"Hapana. Wa kwanza alikufa, akapewa wa pili. Naye akafa, akapewa wa tatu. Hakuna aliyemaliza mwaka."

"Kwa nini hawakubadilisha?"

"Lilikuwa jina la mama wa huyo tajiri, limeandikwa hapa juu. Alitaka lirudi."

Mama, nilikaa kwenye nyasi zenye maji. Kumbe hawa nao hurudisha watu wao, ila hawangoji mtoto akubali. Mama ya hao mabinti yumo kaburini humo humo. Ameandikwa "na mke wake", basi.

Kwa hivyo jina ninalo. Silitaji hapa, kwa sababu Shangazi wa Sigor anajua kusoma, na ulisema ameshanunua ugoro wa kumwekea mtoto puani ili chafya itoke kwa lazima. Itatoka. Hata mimi mkinitia ugoro nitakubali kuitwa chochote.

Na kile kifua ulichosema kinamsumbua mtoto ni cha daktari. Mpelekeni hospitali kesho, msingoje jina. Wataandika "mtoto wa" fulani na watamtibu.

Lakini kuna mwanamke mmoja hamkumwita. Nimerudia majina uliyonipa, na mama yake Babu hayumo. Alichuna majani katika shamba alilosimamia yule mzungu, akafukuzwa kwao na mimba yake, akajifungulia kwenye kambi ya wafanyakazi. Mpaka leo mnamwonea aibu, mnamruka kama shimo la barabarani. Mimi nimeenda kutafuta mwanamke kwenye kaburi la tajiri, na wetu amelala hapo nyuma ya zizi, hata jiwe hana. Baba aliniambia jina lake mara moja tu, tukichuna. Ni Tapkigen. Mwiteni pole pole. Mtoto asipopiga chafya, kosa ni langu.

Msalimie Baba, Kiprono, na Shangazi wa Sigor ambaye najua atakasirika. Na umsalimie mke wa Kiprono. Mwambie amshike mtoto yeye mwenyewe siku hiyo, na yeye ndiye aite.

Ni mimi binti yako,
Chelang'at