Chumba cha Nyuma Kimefungwa

Jumatatu, 3 Machi

Nyota mbili tena! Mgeni wa chumba cha kati, yule muuza pampu za maji, kaandika mtandaoni: nyumba safi, mashuka safi, ila kuna mzee mezani anapiga mnada. Ni kweli, alipiga. Asubuhi Baba alinyanyua buli juu akaanza: "Buli hili, halina ufa, nani anaongeza? Mara ya kwanza! Mara ya pili!" Dalali wa mnada miaka arobaini, sauti ile haijui kustaafu. Nesi mwanafunzi wa chumba cha mbele alicheka hadi chai ikampalia, akalinunua buli kwa kijiko kimoja. Muuza pampu hakucheka. Alikula mkate wake kama anatoa ushahidi.

Jioni Bwana Nyota kapiga simu. (Simwiti hivyo mbele yake. Ni mdogo wangu, lakini tangu aanze kuendesha tangazo la nyumba kwenye simu yake, huko mbali anakoishi, habari yake ni nyota tu.) Anasema kupangisha chumba kimoja kimoja kumepitwa na wakati. Wageni hawataki kugongana na mtu wakienda kuoga. Wanataka nyumba nzima, ufunguo mmoja, mwenye nyumba asionekane. Nikamuuliza, na huyo mwenye nyumba aende wapi? Akasema, tutaongea, dada. "Tutaongea" yake naijua. Keshaamua.

Alhamisi, 6 Machi

Tumeongea. Yaani yeye kaongea. Nyumba nzima, kuanzia wiki ijayo. Wageni wakija, mimi na Baba tukalale kwa shangazi. Nikikataa, basi Baba apelekwe makao ya wazee na nyumba iuzwe. Hati ina jina lake – Baba mwenyewe alimwandikisha, mtoto wa kiume ndiye huyo mmoja. Mimi niliyebaki humu nikimwogesha mzee sina hata tofali. Hakusema kwa ukali. Alisema taratibu, na "dada" kila baada ya neno la tatu. Heri angenitukana.

Nililia kidogo jikoni. Kisha nikaenda kufua mashuka, maana hayajifui.

Makao yale nayajua. Niliwahi kuwashonea mapazia. Wazee wamepangwa ukutani, wote wanatazama mlango. Hapana. Baba haendi kule mimi nikiwa hai.

Jumapili, 16 Machi

Wageni wa kwanza wa nyumba nzima: bibi harusi na dada zake. Sisi kwa shangazi, ghorofa ya tatu. Baba alipanda zile ngazi huku akipumzika, anauliza bei ya jengo.

Jana asubuhi nimeingia kuoga, natoka – hayupo! Tumemtafuta hadi saa tisa. Alikutwa kituo cha mafuta, miguu mitupu, anamuuliza kila dereva njia ya kwake. Shangazi kasema ana presha, mambo haya hayawezi tena. Simlaumu.

Bwana Nyota hajui lolote. Anachojua ni nyota tano. Bibi harusi kalisifu bafu.

Jumatano, 19 Machi

Nimepata akili! Au zimeniruka, sijui.

Kwenye tangazo Bwana Nyota kaandika: nyumba nzima ni yako, isipokuwa chumba cha nyuma kimefungwa, ni stoo. Kila mwenye nyumba wa biashara hii hufanya hivyo, anafungia vitu vyake mle. Sisi tumeweka magodoro ya akiba na sufuria kubwa. Sasa, chumba kile kina milango miwili. Mmoja unatokea korido, komeo liko kwa ndani. Mwingine unatokea uani. Nani atajua? Mimi na Baba tukae mle. Wageni wanakaa siku mbili tatu, wanaondoka, tunatoka, tunaishi. Shangazi akiulizwa aseme tuko kwake. Nimemwomba, kakubali shingo upande.

Nimetoa magodoro. Nimeingiza kitanda cha Baba, mkeka wangu, ndoo yenye mfuniko. Dirisha ni dogo, liko juu, halioneshi kitu. Baba kauliza, tunahamia wapi? Nikamwambia hatuhami, tunajibana tu.

Jumatatu, 24 Machi

Imefaulu! Siku tatu, mume na mke watu wazima, hawakushtukia hata kidogo. Baba nilimwambia soko limefungwa, dalali anapumzisha koo. Akanielewa. Akawa ananong'ona bei.

Kichekesho ni mimi. Tangazo linasema usafi kila asubuhi. Kwa hiyo natoka mlango wa uani, naufunga kwa nje Baba asipotee tena, nazunguka mtaa mzima, napita kwa kinyozi, nakata kona, naja mlango wa mbele, nabisha hodi. Nyumba niliyozaliwa! Yule mama kanifungulia, kaniambia karibu, ingia, usiogope. Nikamuuliza fagio linakaa wapi. Nikaja kumsimulia Baba, tukacheka tumeziba midomo, mbavu zinauma.

Jumanne, 1 Aprili

Nilidhani mdogo wangu ananifanyia mzaha wa siku ya wajinga. Kumbe kweli. Mafundi wanne wa minara ya simu, kuanzia kesho. Mwezi mzima!

Bwana Nyota sauti imejaa kicheko. Unaona, dada? Kwa chumba kimoja kimoja ungeota haya? Nikauliza wanafanya kazi saa ngapi. Kwa zamu, kasema, wawili wakitoka wawili wanalala. Maana yake nyumba haitakuwa tupu. Pale pale ndipo ningesema. Nikasema hongera.

Jumapili, 6 Aprili

Siku ya tano. Joto la mle ndani halisemeki. Ndoo. Chai ya chupa. Kunong'ona kutwa, koo limekauka. Baba anauliza soko litafunguliwa lini. Nasema kesho. Jana pia nilisema kesho.

Mafundi ni watu wazuri, na hilo ndilo linaloniuma. Wangekuwa wakorofi ningewachukia nikapata nafuu. Mkuu wao, mtu wa mabega, ananinyang'anya ndoo ya maji kila asubuhi, anaibeba mwenyewe. Leo kaniuliza, mama wa usafi, unatoka mbali? Mbali kidogo, nikasema. Akanipa nusu mkate niwapelekee watoto. Nikauzungusha mtaa mzima, nikampelekea Baba. Kaula wote. Kauliza nani katuletea, amshukuru.

Alhamisi, 10 Aprili

Baba kapiga mnada. Saa nne asubuhi, kwa sauti yake yote. "Kitanda hiki! Nani anaongeza? Mara ya kwanza!"

Nilimziba mdomo. Baba yangu, kwa kiganja changu. Meno yake machache niliyahisi. Upande wa pili wakanyamaza. Kisha mmoja akasema ni redio ya jirani. Mwingine akasema hapana, mle stoo kuna panya, tena si mdogo, kila siku anamsikia.

Jioni simu. Wageni wanalalamikia panya wa stoo, dada. Weka sumu. Nikasema nitashughulikia.

Nikashughulikia. Nilimfokea Baba kwa kunong'ona – sikujua kama inawezekana, inawezekana. Nikamwambia: ukitoa sauti tena, hao watu watakuja kukuchukua, na mimi hutaniona tena. Nimesema hivyo. Naandika hapa kwa sababu sina pengine pa kukiri. Alinitazama kama mimi nilivyomtazama yeye nikiwa mdogo, siku nilizovunja vyombo. Akasema, "Sawa, mama."

Jumatano, 16 Aprili

Siku ya sita Baba hatoi sauti. Wala hanong'oni. Anakula, analala, anaoneshea ndoo kwa mkono.

Leo mnara mmoja umezima, mafundi wote wanne wameondoka na gari mbio. Nyumba tupu! Nikafungua mlango wa korido, nikamtoa, nikamkalisha mezani kwake. Nikanyanyua kikombe juu: "Baba, kikombe hiki, nani anaongeza?" Hakunitazama. Alitazama mlango wa mbele. Nikapiga meza, nikapiga kelele mwenyewe kama mwehu, mara ya kwanza, mara ya pili, Baba sema basi, hakuna mtu! Akainuka, akajikongoja mwenyewe mpaka stoo, akakaa kitandani.

Nimeshika simu mara tatu nimwambie mdogo wangu. Mara tatu nimeiweka. Zimebaki wiki mbili tu. Wiki mbili nitajikaza, kisha nitasema yote, potelea mbali. Nyota zake akazile.

Jumatatu, 21 Aprili

Naandika nikiwa sakafuni. Nikiacha kuandika nitapiga ukelele, kwa hiyo naandika.

Saa tatu nilikuwa napiga deki korido, hatua tano kutoka mlango wa stoo. Mkuu wa mafundi yuko mezani na chai, ananisimulia mke wake anavyokoroma. Ukasikika mshindo. Kitu kizito. Halafu kimya. Akasema, "Panya wako huyo, mama, sasa amekuwa mbuzi!" Wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilicheka, Mungu wangu! Nikasema ni magodoro yameanguka. Nikaendelea na deki. Ningekimbia wangeshtuka. Nikamaliza korido, nikamaliza bafu, nikaanika matambara, nikaaga, nikazunguka mtaa. Kinyozi akanisalimia, nikaitikia. Karibu saa nzima.

Baba yuko chini, kando ya kitanda. Mguu wa kulia umegeukia nje, haukai hivyo mguu wa mtu. Uso umeloa jasho. Na mdomoni ana shuka. Ameling'ata. Amelivuta kutoka kitandani akaling'ata, asitoe sauti. Mimi nilikuwa hatua tano, nacheka, na yeye yuko hapa na shuka mdomoni. Siyo Bwana Nyota aliyemfundisha hivi, siyo tangazo. Ni mimi.

Nimejaribu kumnyanyua, siwezi. Nikimgusa nyonga macho yanageuka. Mdogo wangu hapokei simu. Shangazi atafanya nini, na ngazi zake na presha yake? Na upande wa pili wa mlango huu wamekaa wanaume wanne, leo ni siku ya kubadilishana zamu, wapo wote. Watu wa kupanda minara. Gari lao liko nje. Wangembeba kama mtoto.

Lakini nikifungua watamwona. Wataona kitanda, mkeka, ndoo. Watampigia Bwana Nyota kabla hatujafika hospitali, na Bwana Nyota atasema, umeona, dada, huwezi. Atakuwa na haki. Baba atatoka hospitali aende makao ya wazee, akapangwe ukutani. Kama atatoka. Nisipofungua je? Nikae naye hapa mpaka watoke kwenda kazini, warudi, watoke tena? Mtu ana maumivu!

Nimemtoa shuka mdomoni. Nikamwambia, Baba, lia. Lia kwa nguvu, ni ruksa. Akanong'ona, neno la kwanza tangu siku ile: "Wameondoka?"

Nikamwambia bado wapo.

"Basi tusubiri," akasema.

Hapana. Hapana, Baba. Nimesimama, daftari liko juu ya kitanda. Nimegusa komeo, limelia. Mazungumzo yamekatika huko mezani, kiti kimesogezwa. Mkuu wa mafundi anauliza, "Nani huko?" Baba amerudisha shuka mdomoni.