Vidole Vitatu Ukutani

Jumamosi, 1 Novemba 2014
Nimefika! Madam ninayemfanyia kazi amenitoa Jidda nije huku shambani, nje ya Riyadh, niwapikie mafundi. Na fundi mmoja ni mume wangu — mume wangu! Wiki tatu tu tangu harusi kule nyumbani. Wesley alinipokea langoni, udongo hadi kwenye nyusi, akanitembeza ndani ya nyumba ya kale kana kwamba aliijenga yeye. Kuta za matofali ya udongo, nene kuliko urefu wa mkono wangu. Vidirisha vya pembetatu juu kabisa, vinaleta upepo mtamu. Dari ya magogo na makuti ya mtende. Babu yake kafili, mwajiri wa mafundi na mwenye shamba, alizaliwa humo. Sisi tumepewa chumba kando ya banda la ng'ombe. Siku hizi ng'ombe hakuna. Ni sisi tu!

Jumatatu, 3 Novemba
Banda ni zuri kuliko nyumba. Hori zimejengwa ndani ya ukuta, juu kuna dari ya kuwekea majani. Chini ya masizi, Injinia Dismas, Mtanzania, amekuta michoro: mtu wa zamani alisiriba kwa vidole, tao juu ya tao. Kafili anataka ukuta wote urudi vilevile. Nani anaweza? Wesley akachota udongo, vidole vitatu, fyuu! Sawasawa na ya zamani. Wote wakapiga makofi. Mimi kuwashinda wote.

Jumanne, 4 Novemba
Sikulala vizuri. Kijijini kwao kusiriba ni kazi ya wanawake. Nani alimfundisha?
Na matao yale nimeyaona. Jikoni kwa mamake Rosebellah, jirani yao. Siku ya harusi wifi yangu Sellah alinionyesha ule ukuta. Eti aliyeuchora ni Rosebellah mwenyewe, na ilibaki kidogo tu awe wifi yetu. Akacheka. Nami nikacheka — mjinga mimi!
Wesley anasema alijifunza kwa kuangalia. Kuangalia ukuta au kuangalia mkono? Akasema chai imepoa.

Jumatano, 5 Novemba
Wali umeungua. Sijali.

Alhamisi, 6 Novemba
Wageni wa kafili wanakuja wiki ijayo, ukuta haujafika nusu. Dismas anataka mkono wa pili. Wesley, bila hata kunitazama: "Yupo mmoja Jidda, Baghdadiyah. Kafili wetu akiongea na kafili wake, atakuja."
Rosebellah! Hata mtaa wake anaujua!
Nikatoka jikoni na mwiko mkononi. "Mimi naweza!"
"Shemeji, kumbe na wewe unasiriba?" Dismas akauliza.
"Tangu utotoni."
Uongo mtupu. Nimekulia Mumias mjini, nyumba ya saruji. Wesley anajua. Akainama kukoroga udongo.
"Halas, basi," Dismas akasema. "Jumamosi unaanza. Ukishindwa, tunamwita huyo wa Jidda."

Ijumaa, 7 Novemba
Wengine wameenda mjini. Nilijaribu peke yangu nyuma ya banda. Kama kuku amechakura! Wesley akaja, akajizuia kucheka, akashindwa.
"Peris, unafinya. Legeza kiwiko."
Akasimama nyuma yangu, kifua mgongoni mwangu, vidole vyake vitatu juu ya vyangu. Tukavuta pamoja. Tao likatoka — zuri ajabu! La pili zuri zaidi. Moyo wangu! Nilitaka siku isiishe. Akawa ananong'ona sikioni, "Teremsha... usikimbie... sasa geuza," kwa mdundo, kama mtu anayerudia alivyoambiwa.
Nikauliza, "Hivi ndivyo alivyokushika?"
Mkono ukasimama katikati ya tao.
Lakini hakuniachia.