Karatasi ya Njano

Jumanne, 9 Aprili

Nimefika mlima Jiuhua saa tisa alasiri. Ukungu, manyunyu, viatu chapachapa. Mama anapasuliwa tumbo keshokutwa asubuhi kule Wuhu, na badala ya kuniacha nimshike mkono, kanituma mlimani! Eti nenda hekaluni kwa Dizang ukaniandikishe karatasi nyekundu. Kaka yako atanitosha. Wewe kazi yako kulia tu, unawatia hofu wagonjwa wenzangu. Na upande kwa miguu, usinidandie lile gari la kamba.

Ndiye mama huyo. Nimecheka mbele yake, kisha nikaenda kulia chooni.

Nimepanda ngazi themanini na moja hadi hekalu kubwa. Foleni. Mezani yupo Bibi Pan, anajitolea. Akaniangalia usoni, akanisogezea karatasi na kalamu: pole mwanangu, andika jina. Nikaandika Shu Caixia. Akaipokea akaibandika ukutani mwenyewe. Moyo umetua kidogo.

Jumatano, 10 Aprili

Sijui hata niandikeje.

Nyekundu ni ya walio hai, waongezewe siku. Njano ni ya marehemu. Hilo kwetu mtoto wa chekechea analijua! Leo baada ya uji nimerudi kulitazama jina la mama. Kwenye ukuta wa karatasi nyekundu halipo. Nimesoma safu zote, mara mbili. Ndipo nikakumbuka rangi ya ile niliyopewa: njano. Machozi yalinijaa jana, niliandika bila kuangalia.

Nikamkimbilia Bibi Pan. Akaja juu: wewe uliingia unalia kama mfiwa, mie ningejuaje? Nani anamlilia hivyo mtu aliye hai? Kisha akaniona nilivyo, akaziba mdomo. Nikamwomba anibandulie. Haiwezekani — za njano zote zilichomwa jana jioni baada ya sala. Zimeshakwenda.

Zimeshakwenda! Nimempeleka mama yangu kuzimu kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Mtawa Huiming alikuwa anafagia ua. Nikamweleza, wala hakuacha kufagia. Akasema Dizang aliapa kubaki kuzimu mpaka atoke mtu wa mwisho, sasa akiongezewa watu awafanyie nini? Nenda ukale. Nikasema, Shifu, mwalimu wetu, usinitanie, huyu ni mama yangu. Hapo ufagio ukasimama. Basi panda hadi kilele cha Tiantai, akasema, meza ya karatasi ipo huko pia, kaandike nyekundu moyo utulie.

Ujumbe wa kaka Zhiping: mama kanywa uji nusu bakuli, anaulizia magoti yangu. Kesho anaingizwa chumba cha upasuaji saa tatu. "Nitakuandikia tu. Ukiona nimepiga, ujue kuna jambo."

Karatasi sijamwambia. Ningeanzia wapi?

Alhamisi, 11 Aprili

Nimeanza saa kumi na mbili. Gari la kamba lingenifikisha kabla hawajamgusa mama. Nilisimama pale mlangoni, kweli nilisimama. Lakini alisema kwa miguu. Nimeshamkosea mara moja, inatosha.

Ngazi, ngazi, ngazi. Mianzi inadondosha maji shingoni. Kuna mama mmoja wa Hefei anasujudu kila baada ya hatua tatu, paji la uso lina tope. Nikampita mbio. Akanicheka: dada, unakimbilia nini, Buddha hahami! Nami nikacheka, kisha nikashindwa kuvuta pumzi.

Saa tatu ilinikuta njiani. Ukungu ukafunguka, vilele vyote vikatokea, vyeupe chini kwa mawingu, kijani juu. Mama angepiga kelele za furaha. Nimeuchukia uzuri ule.

Saa nne. Nimefika. Nimemwambia mtawa wa mezani kwa sauti, watu wote wakageuka: nyekundu! Ya mtu aliye hai! Akaigeuza pande zote mbili niione. Mkono unatetemeka mno, siwezi kuiharibu na hii. Nimekaa ngazini, nimetoa daftari niuzoeshe mkono kwanza. Karatasi iko gotini. Nyekundu, nimeikagua mara tatu.

Haya. Mkono umetulia. Nimeandika Shu. Nimeandika Cai.

Simu. Si ujumbe — inaita. Zhiping.

Imekatika. Inaita tena. Mtawa ananiangalia: dada, pokea basi.

Ngoja kidogo, Shifu. Hai huyu. Bado Xia tu.