Mguu wa babu umetangulia mazoezini

Wajukuu zangu,

Chai iko kwenye chupa. ~~Mpelekeeni babu yenu kitandani.~~ Hapana, aifuate jikoni kwa magongo yake.

Tangu akatwe mguu hospitalini, ule wa bandia hataki hata kuujaribu. Leo asubuhi kaniambia, "Kama mazoezi ni matamu hivyo, upeleke huo mguu wenyewe ukafanye." Basi naupeleka. Nimeuvisha soksi na kiatu, tunakwenda kupanda basi, na mwalimu wa mazoezi atatupokea.

Kitendawili: mwenyewe yuko nyumbani, mguu wake uko safarini. Jibu limejifunika blanketi chumbani, linajifanya limelala.

Kiatu cha pili nimekipiga rangi, kiko mlangoni. Mkirudi kutoka shule mkakuta hakipo, na magongo hayapo, msimtafute mzee. Ameufuata.

Bibi yenu