Ripoti Yangu Iliposomwa Uwanjani Chapwa

Jumapili, Julai 2013. Upepo wa baridi tangu asubuhi, na vumbi la Tunduma limeingia mpaka katikati ya daftari.

Leo nimeaibika mbele ya watu, lakini sijisikii vibaya kama nilivyotegemea. Nataka kujua kwa nini, ndiyo maana naandika.

Kwa anayepita kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza: mimi ni binti wa mkulima wa kahawa wa Ihanda, na ninasoma Uingereza shahada ya uzamili ya biashara ya mpira wa miguu. Ndiyo, shahada hiyo ipo. Majirani wakimuuliza Baba, husema nasoma biashara, halafu anabadilisha mazungumzo.

Darasani wenzangu wengi wamekulia kwenye viwanja vyenye viti vya namba. Mimi nilijifunza kutazama mpira nikiwa nimesimama, nimeshika kamba iliyozungushwa uwanja. Muhula wa kwanza wote sikumwambia mtu.

Nimerudi kwa wiki sita kukusanya taarifa za tasnifu. Nilichagua timu ya Chapwa, kule Tunduma, ambayo msimu huu imepanda daraja. Wiki ya kwanza tu mwenyekiti wake, Mzee Simbeye, fundi cherehani, alinieleza jambo linalomnyima raha. Mfanyabiashara mmoja wa Mbeya mjini anataka kuinunua timu, aihamishie huko na aibadilishe jina. Wachezaji watapata mishahara, basi na kambi ya kulala.

"Wewe ndiye uliyesomea haya, binti yangu," aliniambia. "Tuandikie unavyoona."

Niliandika kwa siku mbili. Kurasa nne. Nikashauri wauze.

Sikudanganya. Wachezaji wetu wanafua jezi wenyewe, na mechi za mbali wanakwenda juu ya lori la mahindi. Kila nilichofundishwa kilisema timu hii imeuzidi mji wake. Na nikiri: niliipenda sana ripoti ile. Niliisoma tena na tena kama mtu aliyevaa nguo mpya, haondoki kwenye kioo.

Leo baada ya mechi mkutano ulifanyika palepale uwanjani. Baba naye alikuwepo, amekuja kutoka Ihanda kama kawaida yake. Hakosi mechi ya nyumbani. Mzee Simbeye aliisoma ripoti yote kwa sauti, polepole, akisimama kwenye kila neno gumu. Sentensi nilizojivunia zikawa zinasikika kama habari za mji mwingine.

Alipomaliza, Bana Mutale, yaani Mama Mutale kwa lugha ya kwao, alinyoosha mkono. Ni mama wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anayeuza vitenge upande wetu. Si mwanachama, wala si Mtanzania. Katibu alitaka kumzuia, lakini mwenyekiti akasema mwacheni aongee.

"Mwanangu, nimesikiliza vizuri," aliniambia. "Wachezaji nimewasikia. Mnunuzi nimemsikia. Sisi tunaosimama hapa tuko ukurasa gani?"

Hawakuwepo.

Nikasimama. "Hampo, mama. Niliandika bila kumuuliza shabiki hata mmoja. Naomba msipige kura kwa kufuata karatasi hii."

Aliyenijibu ni Mussa, nahodha, bado kavaa jezi yenye jasho. "Dada, sisi mishahara tunaitaka," alisema. "Usije ukatuondoa sisi kwenye karatasi ili uwaweke wao." Wengine walicheka kidogo. Yeye hakucheka, na mimi sikuweza kumwambia amekosea.

Wakabishana mpaka jua likapungua. Mwishowe wakakubaliana kura isubiri wiki mbili, mnunuzi aombwe kuvumilia, na mimi nizunguke niwaulize watu wote, wachezaji wakiwemo.

Nilimfuata Bana Mutale alipokuwa anafunga mzigo wake. Nilitaka kujua inakuwaje mtu avuke mpaka kila Jumapili kuja kusimama juani kwa ajili ya timu ya nchi nyingine. Akaniambia mara ya kwanza alikuja kumtafuta mteja wake, akakuta watu wanaimba, akabaki. Sasa ni miaka tisa.

Darasani mtu kama huyu tunamwita mteja. Jina hilo halimtoshi, ila sijapata lingine.

Jioni hii, hapa nyumbani Ihanda, nimeandika maswali mapya. La kwanza nimelijaribu kwa Baba alipokuwa anamimina chai.

"Baba, timu ikihamia Mbeya, Jumapili utafanya nini?"

Akakoroga chai yake. Mama alifariki mwaka juzi, na miezi michache baadaye mimi nikasafiri. Kila nilipompigia simu kutoka huko alinisimulia mechi tu, nani kafunga, nani kaumia. Nilidhani anapenda mpira.

"Nitakaa nyumbani," alisema. Kisha akaweka kijiko chini. "Haya, sasa niulize nitakaa na nani."

Nilisogeza kiti karibu naye, tukanywa chai.

Baadaye nimeliandika jibu lake kama alivyolisema. Halikuenea, kwa sababu kwenye fomu nilikuwa nimeacha visanduku vidogo vya kuweka alama ya vema. Nimevifuta vyote na kuacha mistari mitupu chini ya kila swali.

Asubuhi naanzia Chapwa, na nitakayemuuliza kwanza ni Mussa. Je, lipo jibu moja linaloweza kumtosha yeye na Baba? Sijui. Nina hamu ya kujua kuliko niliyowahi kuwa nayo darasani.